Waya Ikitolewa, Kazi Haijaisha

(Mazungumzo yaliyotolewa na kamati ya afya ya kikundi kimoja cha akina mama mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia)

Sisi si madaktari. Tunalima, tunafuga kuku, tunachanga kila wiki kama nyinyi. Haya tutakayosema leo tumeyapata kwa njia mbili: kwanza kwa kuumia, kisha kwa kwenda kuwauliza wanaojua.

Tumeombwa tuzungumze juu ya meno ya watoto yaliyojipanga vibaya, namna yanavyonyooshwa kwa waya, na kama yakishanyooshwa hukaa vile vile. Jibu la hilo la mwisho tutawapa sasa hivi, ili asiyeweza kungoja chai aondoke nalo. Mara nyingi hayakai, yasiposhikiliwa.

Katika kikundi chetu kuna mama mmoja, naye ametupa ruhusa tusimulie habari yake mradi tusimtaje jina. Binti yake alikuwa na meno ya juu yaliyotokeza mbele sana, na ya chini yamebanana, moja limepanda juu ya jingine. Shuleni walimcheka. Akawa anaongea amefunika mdomo kwa kiganja, na mwalimu akidhani ni utovu wa adabu. Tena alipoanguka uwanjani jino moja la mbele likavunjika pembe, maana meno yaliyotokeza ndiyo hufika chini kwanza. Mama akaja kwa kikundi akaomba mkopo.

Tulibishana jioni mbili. Wengine walisema meno yaliyopinda si ugonjwa, na pesa ya kikundi ni ya mbegu na karo. Wengine wakasema mtoto anayeficha mdomo wake hawezi kuinua mkono darasani, na hilo nalo ni hasara. Mwishowe tukakubali, akapewa mkopo wa kurudisha kwa miezi 36.

Binti akafungwa waya. Kwa miezi 22 mama alimpeleka mjini kila mwezi, na nauli ile hatukuwa tumeihesabu. Siku waya ilipotolewa tulipika chapati. Meno yalikuwa yamekaa sawa kama punje za mahindi kwenye gunzi. Binti alicheka mbele ya watu, na baadhi yetu tulilia. Alikuwa pia amepewa kikopo kidogo cha plastiki chenye kitu ndani, lakini siku ile nani angeuliza habari za kikopo?

Akaenda shule ya bweni. Muhula wa kwanza, wakati wa chakula, alikitoa kile kitu mdomoni akakifunga kwa karatasi, na karatasi ikatupwa pamoja na mabaki. Aliogopa kumwambia mama yake, kwa sababu alijua mkopo haujaisha. Mwaka mmoja na nusu baadaye meno ya chini yalikuwa yameanza kubanana tena, na moja la juu limegeuka upande. Mama alikuwa bado analipa.

Hapo ndipo kikundi kilikaribia kuvunjika. Kuna waliosema kliniki ile iliiba pesa. Kuna waliomlaumu binti. Kuna waliotugeukia sisi wa kamati, na kwa haki. Tulipofuatilia tuligundua kwamba kliniki ilikuwa imesema, lakini ilimwambia binti peke yake, kwa dakika chache, kwa Kiingereza, mama akiwa dirishani analipa. Na sisi tuliotoa pesa hatukuwa tumeuliza swali hata moja. Tulipokopesha ng'ombe tuliuliza anakula nini, analala wapi, nani atamkamua. Kwa meno tuliuliza bei tu.

Basi tukaenda kuuliza.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wa jino na mfupa kuna nyuzi nyembamba sana zinazolishikilia. Waya ikilisukuma jino kwa upole na bila kuacha, mfupa ulio upande wa mbele linakoelekea huliwa pole pole na mwili wenyewe, na upande wa nyuma linakotoka mfupa mpya hujengwa. Hivyo jino husafiri ndani ya mfupa. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa mwezi, ndiyo sababu kazi huchukua mwaka mmoja na nusu, miwili, au zaidi. Anayetaka kuharakisha kwa kuvuta kwa nguvu anaharibu mizizi.

Sasa fikirini siku waya inapotolewa. Mfupa mpya bado ni mchanga. Nyuzi za ufizi zilizolizunguka jino bado zimenyooka kama kamba iliyovutwa, zinataka kurudi mahali pake pa zamani. Nyuzi zilizo karibu na mzizi hujipanga upya kwa miezi michache, lakini zile za ufizi zenye asili ya mpira huweza kuchukua mwaka na zaidi. Mwezi wa kwanza bila waya ni kama nguzo ya ua uliyoisimika leo asubuhi. Imesimama, ndiyo, lakini usimfungie fahali.

Kile kitu cha kwenye kikopo kilikuwa kifaa cha kushikilia meno. Wenyewe wanakiita ritena. Waya husogeza meno, ritena huyazuia yasirudi. Ni matibabu yale yale, nusu yake ya pili.

Tungependa kuwaambia kwamba mwaka ukiisha nyuzi zimetulia na mtu yuko huru. Zamani hata madaktari wengi waliamini hivyo. Lakini wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle huko Marekani, walifanya jambo ambalo wengi hawakuwa wamefanya: waliwaita tena watu waliotibiwa zamani wakawatazama vinywa. Mwaka 1981 walichapisha habari za watu 65 waliong'olewa magego madogo ili kupata nafasi, wakafungwa waya, wakavaa ritena, kisha wakaiacha. Miaka 10 baada ya kuiacha, karibu theluthi mbili yao meno ya mbele ya chini yalikuwa yamebanana tena kiasi cha kutoridhisha. Mwaka 1988 wakatoa habari za watu 31 waliofikisha miaka 20. Ni kama mtu 1 tu kati ya 10 ambaye meno hayo yalikuwa bado yanakubalika. Na kibaya zaidi, hawakuweza kutambua tangu mwanzo ni nani atakayerudi nyuma na ni nani atakayebaki.

Msidhani ni ufundi mbaya. Hata mtu ambaye hajawahi kufungwa waya, meno yake ya chini ya mbele huendelea kubanana kadiri anavyozeeka. Wazee mlio hapa, mkifika nyumbani jitazameni kwenye kioo. Taya hubadilika, midomo na mashavu husukuma kutoka nje, ulimi husukuma kutoka ndani, na jino hukaa pale nguvu hizo zinapolingana. Watu wengi hulaumu gego la mwisho, lile linaloota mtu akiwa kijana mkubwa, ati ndilo linasukuma mengine. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1998 haukupata sababu ya kuling'oa kwa ajili hiyo. Kama gego hilo linaoza au linauma, hiyo ni habari nyingine. Lakini mtu asikuuzie kung'oa magego mazima ili meno ya mbele yasipinde.

Kasoro zote hazirudi kwa namna moja. Jino la juu la mbele lililokuwa likifunga nyuma ya lile la chini, likishatolewa mbele vizuri, kwa kawaida hukaa, kwa sababu jino la chini lenyewe linalizuia lisirudi. Lakini jino lililokuwa limegeuka upande ni sugu. Meno ya mbele yasiyokutana, yaliyoacha tundu mtu anapouma, hufunguka tena kwa urahisi, hasa kama ulimi au kidole bado kinaingia pale. Na mwanya wa katikati ya meno ya juu, ule hupenda sana kufunguka. Hapa tunauliza wenyewe kwa wenyewe: mwanya wa nini kuuziba? Kwetu mwanya ni urembo, watu wameposwa kwa ajili yake. Binti akiupenda mwanya wake, mwacheni nao na pesa zenu zikae kwenye sanduku.

Hilo linatuleta kwa swali la nani hasa anahitaji waya. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 900 wa Nairobi, wa miaka 13 hadi 15. Watoto 72 kati ya kila 100 walikuwa na kasoro ya namna fulani katika kupangika au kufunga kwa meno. Msishtuke. Nyingi ya kasoro za namna hiyo ni ndogo, na mtu anaishi nazo hadi uzeeni akitafuna githeri bila shida. Anayefaa kupelekwa mapema ni yule ambaye meno ya juu yametokeza sana hata midomo haifungi, au ambaye meno ya chini yanachoma ufizi wa kaakaa, au jino la mbele linafunga kinyume na ufizi wake unashuka, au chonge halijatokea upande mmoja na amefika miaka 12 au 13. Na yule anayeumia moyoni kama binti yetu, huyo pia tunamhesabu. Hatukukosea kumsaidia. Tulikosea kusaidia nusu.

Kwa hiyo sasa kikundi chetu kina utaratibu. Mzazi akiomba mkopo wa waya, wawili wa kamati wanakwenda naye kwa daktari kabla ya shilingi kutoka. Tunauliza kama ritena iko ndani ya bei au ni juu yake. Tunauliza ikipotea au ikivunjika nyingine ni pesa ngapi, na kiasi hicho kinawekwa kando katika mkopo ule ule tangu siku ya kwanza. Tunauliza mtoto atarudi kuangaliwa mara ngapi baada ya waya kutoka, maana hiyo ni nauli. Tunaomba kila jambo lielezwe kwa lugha ambayo mama anaelewa, mama akiwa ndani ya chumba. Daktari mmoja alikunja uso kidogo tulipoingia watatu na mtoto, lakini alijibu yote. Na tunauliza kama yeye ni daktari wa meno aliyesajiliwa na baraza la madaktari. Anayefunga waya saluni au sokoni, hata kama bei yake ni robo, mwacheni. Waya isiyosimamiwa inaweza kusukuma jino mpaka likatoka kwenye mfupa.

Habari za ritena zenyewe ni hizi. Kuna ya kuvaa na kuvua, ama ya plastiki ya rangi ya ufizi yenye waya kwa mbele, ama ya plastiki angavu inayofunika meno yote kama glovu. Kuna na nyingine ambayo ni waya mwembamba unaogundishwa nyuma ya meno ya mbele, hauonekani, na mtoto hawezi kuupoteza. Kwa mtoto wa bweni hiyo ya kugundisha inafaa, lakini ina kasoro yake. Gundi ikiachia kwenye jino moja, mtoto hajui, na jino hilo linaanza safari peke yake. Kwa hiyo apitishe ulimi kila siku aone kama waya umeshika kote, na asafishe chini yake kwa uzi, kwa sababu uchafu hukaa pale na ufizi ukavimba.

Ile ya kuvaa na kuvua, daktari ndiye husema saa ngapi kwa siku. Wengine huanza usiku na mchana, kisha usiku tu. Na usiku tu ni mpaka lini? Tuliuliza swali hilo mara tatu tukitumaini jibu litabadilika. Jibu lilikuwa: kwa muda wote mtu anaotaka meno yake yabaki yamenyooka. Hata akiwa na watoto wake.

Msiioshe kwa maji ya moto, plastiki itajikunja na haitaingia tena. Maji baridi na mswaki vinatosha. Wakati wa kula ikae kwenye kikopo chake, si kwenye karatasi, si kwenye leso, si chini ya mto. Na mbwa! Mbwa hupenda sana harufu ya mate. Tumesikia zaidi ya moja iliyotafunwa na mbwa wa nyumbani. Ikipotea, mtoto aseme siku hiyo hiyo na asipigwe, kwa sababu ndani ya siku chache au wiki chache nyingine inaweza kutengenezwa meno yakiwa bado mahali pake. Binti yetu alinyamaza mwaka mzima kwa hofu ya mkopo wetu. Hilo ndilo linalotuuma kuliko pesa.

Sasa tugeukie jambo ambalo halihitaji mkopo. Kupinda kwingine kwa meno ni kwa kurithi, hatuna la kufanya. Lakini kwingine tunakutengeneza wenyewe nyumbani.

Meno ya utoto ni 20, na wengi wetu tunasema, aah, hayo yataanguka, ya nini kuyasumbukia? Gego la utoto ni mlinzi wa nafasi. Chini yake jino la ukubwani linangoja zamu yake, na baadhi hungoja hadi mtoto afike miaka 10, 11 au 12. Likioza likang'olewa mtoto akiwa na miaka 5 au 6, gego la nyuma yake huinama na kusogea mbele likakalia nafasi ile. Mwenye zamu akifika, kiti kimechukuliwa, anaota kando. Ikibidi kung'oa, muulizeni daktari kama nafasi inaweza kushikiliwa kwa pete na kitanzi kidogo cha waya. Ni kazi ndogo sana ukilinganisha na miaka miwili ya waya mdomo mzima.

Tena angalieni mtoto akifika miaka 6. Nyuma kabisa ya magego ya utoto huota gego jipya bila jingine kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utoto. Hilo ni la maisha, na ndilo nguzo ya namna meno yote yatakavyofunga. Mswaki ufike mpaka huko, na dawa ya meno yenye floraidi, na chai yenye sukari isiwe ya kumlaza mtoto.

Kunyonya kidole si dhambi kwa mtoto mdogo. Akiacha kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaota, yaani karibu miaka 6, mara nyingi tundu hujifunga lenyewe. Akiendelea, meno ya juu yanasukumwa mbele. Kumpaka pilipili na kumwaibisha mbele ya wenzake kunamfanya anyonye kwa kujificha. Msifuni siku asiponyonya.

Na jambo la mwisho ni zito, tutalisema wazi. Katika sehemu kadhaa za nchi yetu, na kwa majirani zetu Uganda na Tanzania, mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, mtu humtazama ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, anasema hilo ndilo linamuua. Kule Tanzania huitwa meno ya plastiki. Ufizi unachanwa kwa kisu au spoku ya baiskeli na kijino kinachimbuliwa. Ule uvimbe ni chonge la utoto linalokaribia kuota, basi. Watoto wamepata sumu ya damu kwa kazi ile, wengine wamekufa. Na anayepona, mara nyingi chonge la ukubwani lililokuwa chini yake linaharibika, au linaota mahali si pake, na meno ya jirani yanahama. Tunajua wanaofanya hivyo wanampenda mtoto. Lakini anayeharisha anahitaji ORS na zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati.

Mtatuuliza binti yuko wapi. Amemaliza shule. Mama alilipa mkopo wote, akachelewa miezi minne na hatukumtoza faini. Walirudi kwa daktari, wakaambiwa kumfunga waya upya kunawezekana kwa muda mfupi kuliko kwanza, lakini pesa haikuwako, na binti mwenyewe alisema basi. Alitengenezewa ritena ya kuyashikilia pale yalipofikia. Ya juu bado yamekaa vizuri isipokuwa lile moja, ya chini yamebanana kidogo. Anacheka bila kufunika mdomo. Kikopo anakitundika juu ya kitanda, kwenye msumari, mbali na mbwa.

Tumeleta ritena mbili za zamani, moja ya plastiki na moja ya waya, tutazizungusha mzishike. Sasa maswali. Mama uliyeinua mkono pale nyuma, karibu.